Kugongwa na Nyoka na Sindano Yake: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Mkoani Tanga

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi vijijini mkoani Tanga, kuanzia ukanda wa minazi wa Pangani hadi chini ya milima ya Usambara, na maswali haya nimeyasikia mapokezini, msibani, ndani ya daladala, na mara nyingi kwenye simu saa nane za usiku. Nimeyaandika karibu na jinsi yanavyoulizwa. Kama una mtu aliyegongwa sasa hivi, soma swali la 4 peke yake kisha ondokeni. Mengine mtayasoma mkishafika.

## Kwanza tuelewane

1. Nesi, hii "sindano ya nyoka" ni kitu gani hasa?

Ni kingamwili za mnyama, mara nyingi farasi. Sumu hukamuliwa kutoka kwa nyoka hai, kisha farasi huchomwa kiasi kidogo sana, na dozi hupandishwa taratibu kwa wiki na miezi. Mwili wa farasi huizoea sumu ile na kutengeneza kingamwili za kuikamata. Hapo hutolewa damu, majimaji yake yakachujwa na kusafishwa, na kinachopatikana ndicho antivenomu. Kazi hii ni ya zamani: Albert Calmette wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, alikuwa ameshaifanya katika miaka ya 1890, na mpaka leo bado tunamtegemea farasi.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika, mengi ya hapa chini utayaelewa bila kuelezwa. Dawa hii huidaka sumu ambayo bado inazunguka mwilini. Haifufui nyama iliyokwisha kuoza, wala haiing'oi kwa urahisi sumu iliyokwisha kujishikiza kwenye neva. Ndiyo maana mgonjwa akiletwa, swali langu la kwanza huwa "amegongwa saa ngapi?" Nyoka gani nitauliza baadaye.

2. Nyoka gani wa huku kwetu ni wa kuogopa?

Anayejaza wodi ni kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Ni mnene, mfupi, ana michirizi kama herufi V mgongoni, na ni mzito wa kuondoka. Nyoka wengine wakisikia kishindo hukimbia. Yeye hulala palepale njiani akitegemea rangi yake, hasa jioni ardhi ikiwa bado na joto. Unamkanyaga, naye anakugonga kifundoni. Sumu yake huvimbisha, hutoa malengelenge na kuozesha nyama, na wakati mwingine huvuruga damu na kushusha presha.

Swila wanaotema ndio wa pili. Hufuata panya na kuku mpaka ndani ya nyumba, na wengi wanaowagonga ni watu waliolala chini kwenye mkeka. Sumu yao nayo huozesha. Kuna fira wasiotema, wakiwemo wa misitu ya Usambara, ambao sumu yao hulegeza misuli.

Halafu koboko. Watu humtafuta nyoka mweusi, kumbe ngozi yake ni ya kijivu au hudhurungi. Cheusi ni ndani ya mdomo wake. Nduguye wa kijani huishi juu ya miembe, minazi na mikorosho ya pwani, na kwa kawaida hana habari na mtu. Anayekutana naye ni mkwezi au mchuma embe. Wote wawili wana sumu ya neva: kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, mate hayamezeki, na mwisho kifua kinashindwa kuvuta hewa. Kwa koboko, haya yanaweza kutokea ndani ya saa chache tu, wakati mwingine pungufu.

Kuna na wengine wachache wa kipekee. Tazama maswali ya 19 hadi 21.

3. Kila aliyegongwa lazima achomwe sindano?

Hapana. Nyoka wengi wanaoonekana huku hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu wakati mwingine huuma bila kuimwaga. Kumchoma kila mtu ni kumpa hatari ya mzio bure (swali la 12) na kumaliza dawa ambayo kesho mwingine ataihitaji.

Tunachoma tukiona dalili: kope kulegea au kushindwa kumeza, damu isiyoganda au inayotoka kwenye fizi na makovu ya zamani, presha kushuka, au uvimbe unaopanda kwa kasi na kupita nusu ya mguu au mkono uliogongwa. Tusipoziona, mgonjwa hulazwa na kuangaliwa kwa saa 24. Kulazwa huko si hiari hata kama anajisikia mzima. Kuna waliotoka saa ya tatu wakicheka, wakarudishwa usiku.

## Saa ya kwanza

4. Mtu amegongwa sasa hivi. Nifanye nini?

Msogezeni mbali na nyoka, mkalishe au mlaze, na mwambie asitembee. Kutembea ni kupiga pampu: misuli ya mguu inaisukuma sumu. Angalia saa uikumbuke. Vua pete, bangili, kikuku, shanga za mguuni, saa na viatu kabla uvimbe haujavifunga. Tafuta kijiti kilichonyooka au kipande cha ubao, kiweke ubavuni mwa mguu au mkono na ukizungushie kanga, kama unavyomfunga mtu aliyevunjika mfupa. Usikaze, kidole chako kiweze kupita chini ya kanga.

Kama kuna kalamu, chora mstari pale uvimbe ulipofika na uandike saa. Mstari huo hunisaidia kuliko maelezo ya watu kumi.

Usafiri wowote unafaa. Bodaboda si mbaya kama gari halipo: mgonjwa katikati, mtu wa kumshika nyuma, na mguu ukiwa umefungwa kijiti. Akitapika au akianza kusinzia, alale ubavu, na hapo bodaboda haifai tena. Akiacha kupumua, mpulizieni hewa mdomoni na msiache mpaka mfike. Mgonjwa wa koboko anaweza kuwa hai kabisa, akiwasikia, ila misuli ya kifua ndiyo imelala.

Kwa maumivu apewe panado. Asipewe diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni, maana hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Pombe hapana, na chakula kisubiri.

Mkiwa njiani pigeni simu mnakokwenda na muulize mambo mawili: dawa ipo? Na mashine au mpira wa kumsaidia mtu kupumua upo? Jibu likiwa hapana, wao watawaambia mpitilize wapi. Kwa mkoa wetu mara nyingi safari huishia hospitali ya wilaya au Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa.

5. Si ni lazima tufunge kamba juu ya jeraha?

Usifunge. Nalijua jibu hili linagomba na mambo tuliyofundishwa na babu zetu, lakini kamba haiizuii sumu kwa muda wa maana, inazuia damu. Kwa kifutu na swila, ambao sumu yao tayari inaua nyama, kamba inawasaidia kazi. Nimeona mguu uliopotea kwa sababu ya kamba kuliko kwa sababu ya nyoka.

Mkikuta mtu ameshafungwa kamba imekaza tangu muda mrefu, msiikate ghafla mkiwa shambani. Mfikisheni, tuifungue taratibu dripu ikiwa imeshawekwa na dawa ipo karibu, kwa sababu sumu iliyokusanyika chini inaweza kumwagika kwa mkupuo.

Kuna bendeji pana ya kuvutika inayozungushwa mguu mzima kwa nyoka wa sumu ya neva kama koboko. Inasaidia ikifungwa na aliyefundishwa. Kwa kifutu haifai, na wewe gizani huna uhakika ni yupi.

6. Na jiwe la nyoka?

Jiwe hilo jeusi kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa bila hewa mpaka ukawa mkaa. Lina vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo likigusa damu hufyonza unyevu na kuganda, likishiba hudondoka. Watu wakiona limeganda husema linavuta sumu, likidondoka husema imekwisha. Lingeganda vilevile kwenye kidonda cha panga.

Mbona wanaolitumia wanapona? Rudi swali la 3. Kama wengi wanaogongwa hawakuingiwa na sumu ya maana, basi hata jani la mwembe lingeonekana linatibu.

Nitasimulia moja. Aliletwa kijana wa miaka kama kumi na moja kutoka shamba la mkonge, amegongwa na kifutu asubuhi akichunga mbuzi. Alifika kwetu saa kumi jioni. Jiwe lilikuwa bado limeganda juu ya kifundo, na juu ya goti kulikuwa na kamba ya katani iliyozama mpaka huioni, unaona mfereji tu kwenye ngozi iliyong'aa kama bilinganya. Shangazi yake alikuwa ameshika kitambaa chenye jiwe la pili, la akiba. Hakuwa mjinga yule mama. Alikuwa amefanya kila alichokijua, kwa utaratibu, na saa tisa zikapita. Kijana alichomwa dawa, akapona, ila misuli ya shavu la mguu ilikwenda na sasa anatembea kwa kuburuta.

Kwa hiyo sikugombezi ukilileta. Liwekeni ndani ya gari, ligande huku gari linakwenda.

7. Tumuue nyoka tumlete?

Msimtafute. Nimewahi kupokea wagonjwa wawili kwa nyoka mmoja, wa pili akiwa kaka aliyekwenda kumsaka na fimbo. Tunatibu kwa dalili, na dawa nyingi tunazotumia zimetengenezwa kwa nyoka kadhaa kwa pamoja (swali la 16). Picha ya simu kutoka mbali inatosha, na isipopatikana si hasara.

Kama ameshauawa na mmeamua kumleta, msimshike kwa mkono. Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda mrefu, na sumu imo. Mtieni kwenye ndoo yenye mfuniko, wala si kwenye mfuko wa rambo juu ya mapaja ya dereva.

8. Swila amemtemea machoni. Naye anahitaji sindano?

Hapana, kama hajaumwa. Anahitaji maji, mengi, mara moja. Fungua kope kwa vidole, mwagia maji safi kwa dakika 15 hadi 20 bila kukata tamaa, mgonjwa akigeuza macho huku na huko. Maji yakiwa mbali, maziwa yanafaa, na hata madafu ni bora kuliko kungoja. Msitie maziwa ya mama mkaishia hapo, msitie limau, wala dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine. Nyingine zina steroidi, nazo hudhuru zaidi.

Kisha aje hospitali siku hiyohiyo tuangalie kama kioo cha jicho kimechubuka. Akioshwa mapema, kwa kawaida hupona bila kovu.

9. Kukata kwa wembe na kunyonya, je? Mafuta ya taa? Shoti ya betri ya pikipiki?

Hapana kwa yote. Wembe unaongeza kidonda kwa mtu ambaye damu yake huenda haigandi, na mdomo hauwezi kuitoa sumu iliyokwisha kuingia ndani ya nyama. Betri inaunguza ngozi tu.

10. Mganga wetu anajua nyoka kuliko ninyi. Kwa nini mnamkataa?

Simkatai. Waganga wazuri ninaowafahamu wanajua tabia za nyoka wa eneo lao kuliko mimi, na ndio watu wa kwanza kuamshwa usiku. Ninachowaomba ni kitu kimoja: mtoe mgonjwa kwanza, dua na dawa zako zisafiri naye. Mmoja wao, mzee wa upande wa Muheza, sasa akipata mgonjwa humfunga kijiti na kunipigia simu mwenyewe. Heshima yake kijijini haikupungua. Imepanda, maana wagonjwa wake wanarudi wazima.

## Hospitalini

11. Tumefika, mbona mnamwangalia tu na kuchezea damu kwenye kichupa?

Kile kichupa ni kipimo, tena kizuri kwa bei yake. Tunavuta damu kama mililita 2, tunaiweka kwenye chupa ya kioo, safi na kavu, tunaiacha juu ya meza bila kuigusa kwa dakika 20. Kisha tunaiinamisha mara moja. Ikiwa imeganda kama uji wa muhogo uliopoa, vizuri. Ikimiminika kama maji, sumu imeharibu mfumo wa kugandisha damu na hatungoji tena.

Chupa lazima iwe ya kioo, maana plastiki haichochei damu kuganda, na iwe haijawahi kuoshwa kwa sabuni. Ndugu wa mgonjwa aliwahi kuinyanyua dakika ya kumi akaitikisa "kuona kama imeiva". Tulianza upya. Tafadhali iacheni.

Huku tukingoja, tunapima uvimbe kwa futi ya fundi cherehani, tunamwomba mgonjwa aangalie juu tuone kope, na tunamwomba ahesabu kwa pumzi moja. Aliyehesabu mpaka thelathini saa mbili zilizopita, sasa akikwama kumi na mbili, huyo anatuambia kitu.

12. Nasikia sindano yenyewe inaua. Kweli?

Inaweza kuleta mzio mkali, na hatulifichi hilo. Ni protini ya farasi ndani ya mwili wa binadamu. Ndani ya dakika kumi hadi saa chache mgonjwa anaweza kuwashwa mwili, kuvimba uso, kukohoa, kutapika, au presha kuanguka. Dawa ya hali hiyo ni adrenalini, na huwa tumeshaivuta kwenye bomba kabla hatujaanza. Mtu mzima huchomwa nusu miligramu kwenye msuli wa paja. Utafiti wa Sri Lanka uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa adrenalini kidogo chini ya ngozi kabla ya kuanza hupunguza mizio mikali, na vituo vingi vimeufuata.

Kumjaribu mgonjwa kwa tone kwenye ngozi kwanza hakusaidii; hakutabiri chochote na kunapoteza muda.

Hii ndiyo sababu dawa hupitia kwenye mshipa, kwa dripu, mahali penye oksijeni na mtu anayekutazama. Kuichoma kuzunguka jeraha, kama wengine wanavyoomba, ni kuumiza mguu mara mbili.

Kuna mzio wa pili, wa kuchelewa: siku ya 5 hadi ya 14, homa, viungo kuuma, vipele. Watu hudhani ni malaria au nyoka "amerudi". Rudini hospitali mkisema alichomwa sindano ya nyoka tarehe fulani; unatibika.

13. Mtoto apewe nusu dozi?

Apewe ileile ya mtu mzima. Nyoka hakumpunguzia sumu kwa sababu ni mtoto, na dawa inaipima sumu, haimpimi mtu. Kinachopunguzwa ni maji ya dripu na adrenalini, ambazo huenda kwa uzito wake.

Dozi yenyewe hutegemea aina ya dawa na hali. Kwa ile ya Afrika Kusini ya ampuli za mililita 10, ampuli 5 au zaidi kwa kifutu si ajabu, na koboko huhitaji 10 au zaidi. Mgonjwa aliyepewa moja "ya kumtuliza" hajatibiwa.

14. Siku ya pili imeshafika. Tumechelewa?

Njooni. Damu ikiwa bado haigandi, sumu bado inafanya kazi na dawa bado inafaa hata siku kadhaa baadaye. Kwa kope na pumzi, faida ya dawa hupungua lakini kumsaidia kupumua kunaokoa: mtu hupumuliwa mpaka sumu imwachie, hata ikiwa siku kadhaa. Kwa nyama iliyokwisha kuwa nyeusi, dawa imechelewa. Linalobaki ni kidonda, kusafisha na pengine kupandikiza ngozi.

Pepopunda pia isisahaulike. Chanjo yake hutolewa, ila tunangoja damu igande kwanza ndipo tuchome kwenye msuli.

## Dawa iko wapi na bei yake

15. Kwa nini zahanati yetu haina?

Sababu ni kadhaa. Ni ghali kuitengeneza, hukaa kwenye friji, huisha muda, na zahanati inaweza kukaa miezi bila mgonjwa wa kuihitaji. Halafu watengenezaji wenyewe ni wachache. Sanofi ya Ufaransa iliacha kuzalisha Fav-Afrique mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda 2016. Pengo lake lilisikika bara zima. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kwa makadirio yake, duniani hufa watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao.

Mimi naongeza sababu ya sita ambayo haipo kwenye ripoti: wanaogongwa ni wakulima, wachungaji na wakata mkonge. Angekuwa anagongwa mtu wa kiyoyozi, friji zingejaa.

Kuhusu malipo, uliza kama bima yako inaigusa kabla hujaihitaji. Usikae nyumbani ukichangisha: mgonjwa atangulie, michango ifuate.

16. Dawa zote si ni moja?

Ndugu yangu, hapa ndipo penye mtego. Dawa hufanya kazi kwa sumu ambayo farasi alifundishwa. Iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haimtambui kifutu wa Handeni, hata kama lebo inavutia. Ile ya Afrika Kusini ya nyoka wengi hushughulikia kifutu na ndugu yake mkubwa wa msituni, fira kadhaa pamoja na swila wa Msumbiji anayetema, na koboko pamoja na nduguye wa kijani. Zipo nyingine kwa ajili ya Afrika, zikiwemo za unga ambazo hazihitaji friji. Anayenunua kwa ajili ya kituo asome orodha ya nyoka kwenye karatasi ya ndani, si jina kubwa la nje.

17. Nikinunua vaili mbili niweke kwenye friji yangu?

Nimeelewa hofu yako, lakini hapana. Vaili mbili hazitoshi (swali la 13), na nyumbani huna wa kukabili mzio (swali la 12).

Friji nayo ina mambo yake. Dawa ya maji hutakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, isigande. Katika kituo kimoja nilikofanya kazi, friji ilikuwa ya gesi. Mtungi uliisha Ijumaa jioni, nani aliona? Jumatatu nikanyanyua ampuli kwenye mwanga wa dirisha: mawingu ndani, kama maji ya mchele. Tukazitupa zote. Jumatano akaletwa mama aliyekanyaga kifutu akitoka kisimani. Tukamtia kwenye pikipiki kwenda rufaa na barabara ilikuwa ya masika. Aliishi, vidole viwili vya mguu havikuishi. Tangu siku hiyo kila zamu yangu huanza kwa kusoma kipimajoto cha friji, hata kabla sijavua viatu vya mvua.

## Maswali ya pembeni

18. Mjamzito je? Mwenye pumu? Aliyewahi kuchomwa zamani?

Mjamzito apewe kama dalili zipo. Sumu ni hatari zaidi kwa mama na mtoto kuliko dawa. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Mwenye pumu au aliyewahi kupata mzio wa sindano hii ana hatari kubwa zaidi, hivyo huchomwa tukiwa tumejiandaa zaidi, lakini kama anakufa kwa sumu hatumnyimi. Semeni mapema tu. Kugongwa mara moja hakumfanyi mtu awe na kinga.

19. Amegongwa na nyoka wa mtini, hana kitu. Tumrudishe nyumbani?

Subiri. Kuna nyoka wawili wa mtini wenye meno ya sumu nyuma ya mdomo: mmoja mwenye macho makubwa, anayeitwa na wataalamu Dispholidus typus, na mwingine mwembamba kama kijiti kikavu, ambaye Usambara ina aina yake yenyewe, Thelotornis usambaricus. Sumu yao haivimbishi sana. Huanza kimyakimya, na damu huanza kutoka saa nyingi baadaye, hata siku.

Mwaka 1957 Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, aligongwa na mtoto wa Dispholidus, akaona ni jambo dogo, akawa anaandika dalili zake daftarini. Alifariki siku iliyofuata. Nyoka wa kwanza ana dawa yake maalumu, inayotengenezwa Afrika Kusini na ambayo huagizwa. Wa pili hana dawa kabisa. Tunategemea kuongezewa damu. Wote wawili, kipimo cha kichupa kirudiwe, mgonjwa asitoke mapema.

20. Nilishika kinyoka cheusi kidogo kwenye udongo, kikanigonga kidole ingawa nilikibana shingoni.

Huyo ni wa jamii ya Atractaspis. Meno yake hutokea ubavuni mwa mdomo bila kuufungua, ndiyo maana hashikiki kwa namna yoyote. Wahanga wake wengi ni wachimba viazi na watoto wadadisi. Hakuna sindano kwa ajili yake. Kidole huvimba na kuuma sana, pengine ncha ikafa. Tunatoa dawa ya maumivu, tunainua mkono, tunangoja. Mtu akikwambia anakupa "dawa ya nyoka wote" kwa huyo, amekula pesa yako.

21. Sisi wavuvi: yule aliyenasa kwenye dema, si nyoka wa bahari?

Mara nyingi ni mkunga, ambaye ni samaki. Ana meno makali na kidonda chake huoza kwa uchafu. Osha, nenda upate chanjo ya pepopunda na dawa ya vidonda. Nyoka wa kweli wa bahari ana mkia bapa kama kafi, na anayepatikana pwani yetu ni mweusi mgongoni na wa manjano tumboni. Hutokea ameletwa na mawimbi mchangani. Jino lake halisikiki sana, lakini saa chache baadaye misuli yote inauma na mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi. Dawa zetu za nyoka wa nchi kavu hazimhusu. Hospitali itamtibu kwa maji, kupima figo na kumsaidia kupumua. Mkimkuta ufukweni Kigombe au kwingine, msimrudishe baharini kwa mikono. Msukumeni kwa kafi.